Mizani ya Pumzi

Mwaka 2020 ulizusha upya swali la kale, ambalo wenye elimu walikuwa wamezoea kulijadili kwa mbali, kama watu wanenavyo habari za tufani hali wamekaa pwani. Ikiwa watu wawili wahitaji kitu kimoja ili waishi, na kitu hicho hakigawanyiki, nani apewe? Katika jimbo la Lombardia, nchini Italia, kitu hicho kilikuwa kitanda cha chumba cha mahututi na mashine yake ya kupumulia.

Maradhi ya korona yalikuwa na hila. Homa, kikohozi na uchovu vilitangulia. Kisha, yapata juma moja baadaye, mapafu ya baadhi ya wagonjwa yalijaa majimaji. Wako waliofika hospitali wakizungumza vema, ilhali oksijeni katika damu yao imeshuka kadiri ambayo tabibu angetazamia mtu awe amekwisha kuzimia. Wengi walioingia chumba cha mahututi walitiwa mpira kooni, wakalazwa usingizi kwa dawa, wakapinduliwa kifudifudi kwa saa nyingi ili mapafu yapate nafasi. Figo ziliweza kushindwa kazi, na damu kuganda mishipani.

Tarehe 6 Machi 2020 chama cha matabibu wa nusukaputi na wagonjwa mahututi wa Italia kilitoa mwongozo, kikisema kwamba huenda ikalazimu hatimaye kuweka mpaka wa umri. Kitanda kiende kwa mwenye tumaini kubwa la kupona na miaka mingi ya kuishi. Hoja hii si katili kama walivyodhani walioisoma kwa haraka. Akataaye kila kipimo amekwisha kuchagua kipimo kingine bila kukitaja, yaani aliyetangulia kufika. Na atanguliaye, mara nyingi, ni yule akaaye karibu na hospitali au mwenye gari.

Walakini mizani yahitaji mawe ya kupimia. Je, yalikuwapo? Matabibu wa Lombardia waliandika habari za wagonjwa mahututi 1,591 walioingia kati ya 20 Februari na 18 Machi. Ilipofika 25 Machi, katika wale ambao hali yao ilijulikana, asilimia 26 walikuwa wamekufa, asilimia 16 wametoka chumbani, na asilimia 58 wangali vitandani. Zaidi ya nusu hawakuweza kuandikwa miongoni mwa waliopona wala miongoni mwa wafu! Waliotimiza miaka 64 na zaidi walikuwa wamekufa 36 katika kila mia. Waliopungukiwa na umri huo, 15. Tofauti hiyo ni kubwa, wala siikatai. Lakini haimwambii tabibu kama mzee aliye mbele yake ni wa fungu la 36 au la 64.

Kisha, mwezi Juni, utafiti wa Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyojulikana tangu miaka ya 1950, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa mashine kutoka 41 hivi hadi 29 katika kila mia. Basi tumaini la kupona halikai kifuani mwa mgonjwa peke yake. Sehemu yake imo katika maarifa na ghala la wamtibuo. Mgonjwa wa Machi hakuwa dhaifu kuliko wa Julai. Alitangulia dawa tu.

Kwa hiyo naona tabibu ana ruhusa ya kuchagua kwa dalili, yaani hali ya moyo, figo na damu, na kuzitazama tena kila siku. Umri peke yake usimfungie mtu mlango. Hoja ya miaka iliyobaki naiogopa zaidi, kwa kuwa yaifanya haki ya mtu kuwa akiba inayopungua kila jua lichwapo. Nitaulizwa: kijana na mzee wakilingana kwa dalili zote? Nitajibu, kura, na asiipige tabibu amhudumiaye mmoja wao.