Nani Anadaiwa Kipindi cha Hisabati?

Mwaka 2008 niliacha kufundisha hisabati katika shule moja ya kata kusini mwa Tanzania, nikaenda Uingereza kusomea shahada ya uzamivu. Kidato cha tatu tulikuwa tumefika kwenye mada ya duara. Asubuhi ya kuagana mkuu wa shule alinipongeza mstarini, na wanafunzi wakanipigia makofi. Mwalimu mwingine wa hisabati hakuwapo. Baadaye nilipata habari kwamba darasa lile lilifika kwenye mtihani wa kidato cha nne bila ya kumpata. Shahada yangu haijapata kunitia haya hata siku moja. Yale makofi ndiyo yanayonitia haya.

Swali linalonisumbua ni jepesi kuliuliza: je, mwalimu aliyeondoka darasani anadaiwa? Na kama anadaiwa, mdai wake ni nani?

Wengi wa kizazi changu tumelelewa na jibu la Nyerere. Aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda kuwaletea wenzake chakula kutoka mbali. Asiporudi, huyo ni msaliti. Mfano huu umetumika kwa miaka mingi kuwasuta walioko ughaibuni, na sioni njia ya kuukwepa. Hata hivyo unastahili kusomwa polepole kuliko tunavyousoma kwa kawaida. Aliyetoa chakula katika mfano ule ni wanakijiji, mmoja mmoja, kila mtu kutoka katika sahani yake. Serikali haimo. Sisi tumezoea kulichukua deni lile na kuliandika kwa jina la taifa, kisha wasimamizi wa taifa wakawa ndio wadai. Hapo ndipo hoja inapopotoka, kwa kuwa wasimamizi hao nao wana hesabu ya kutoa.

Tuitazame hesabu hiyo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa rika la shule ya msingi wawe darasani kufikia 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakapewa mafunzo ya ualimu vijijini kwa njia ya posta na redio huku tayari wakifundisha. Wakaitwa walimu wa UPE, na jina hilo halikuwa la heshima. Mimi nilifundishwa kusoma na mmoja wao. Miaka thelathini baadaye, shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa kasi, historia ikajirudia: vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache wakapelekwa madarasani, na mitaani wakabandikwa jina la voda fasta, kutokana na huduma ya kuongeza salio la simu kwa haraka. Nilifanya kazi pamoja nao. Mmoja alikuwa akinijia usiku na taa ya chemli nimweleze somo ambalo angelifundisha kesho yake, na asubuhi akalifundisha vizuri kuliko mimi. Tumezoea kuielekeza kejeli kwa kijana aliyetumwa na kumwacha aliyemtuma. Mara zote mbili majengo na uandikishaji vilitangulia, mwalimu akafuata nyuma. Uhaba wa namna hiyo haufanani na ukame. Kuna watu waliokaa wakapanga nini kitangulie.

Na sasa umefika mahali pa ajabu zaidi. UNESCO, katika ripoti yake ya 2024, inakadiria kwamba Afrika kusini mwa Sahara itahitaji walimu milioni 15 kufikia 2030. Msomaji wa mbali atadhani kwamba watu wenye sifa hawapo. Lakini kwa takriban muongo mmoja vyuo vya Tanzania vimekuwa vikitoa walimu wengi kuliko wanaoajiriwa. Mwalimu mwenye shahada anauza vocha karibu na shule ambayo kidato cha pili hakina mwalimu wa fizikia. Kenya ilijaribu njia nyingine: walimu wenye sifa kamili walichukuliwa kuwa wanagenzi katika sekondari ya chini kwa shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi, mpaka Aprili 2024 mahakama ya ajira ikaamua kwamba utaratibu huo haukuwa halali. Upungufu uliopo hapa, kwa kiasi kikubwa, ni wa nafasi za ajira zilizotengewa fedha. Unaitwa upungufu wa walimu kwa sababu jina hilo halimgusi mtu.

Kuna neno moja linalosaidia sana kuificha hali hii, nalo ni wito. Ualimu ni wito, tunaambiwa kila panapotokea dai la nyumba, la posho ya uhamisho au la mshahara uliocheleweshwa. Sijasikia mhasibu akiambiwa kwamba uhasibu ni wito. Silikatai neno lenyewe: nimewaona walioitwa, nami nadhani niliwahi kuisikia sauti hiyo. Ila wito ni jambo ambalo mtu hulisema juu ya nafsi yake. Linapotamkwa na mwajiri hugeuka kuwa punguzo la mshahara. Na linaposemwa na sisi tulioondoka, huwa ni njia ya kumsifu aliyebaki ili tusiulizwe kwa nini amebaki peke yake.

Nyerere mwenyewe, inafaa kukumbuka, aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili afanye siasa, na jina la Mwalimu likabaki naye hadi kaburini. Hakuna anayemdai vipindi vyake. Kuondoka peke yake, basi, si kosa. Itifaki ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2004 kuhusu kuajiri walimu kutoka nje inajaribu kulisema jambo hilo kwa lugha ya kisheria: mwalimu ana haki ya kuhama, na nchi anayotoka ina haki ya kutonyang'anywa mfumo wake wa elimu. Haki hizo mbili zinakaa ukurasa mmoja bila kusalimiana. Tangu 2023 England imerahisisha kuvitambua vyeti vya walimu wa Ghana, Nigeria na Zimbabwe, na ni nani atakayemwambia mwalimu wa Harare asiende?

Mimi simwambii. Ninachomwambia ni kwamba deni halifi kwa sababu serikali nayo inadaiwa. Nilijaribu kwa miaka kadhaa kujitetea hivyo: kama wangetaka mwalimu, wangemwajiri. Ni kweli, wala hainiondolei kitu. Watoto waliokuwa wamefika kwenye mada ya duara hawakuwa na sauti katika bajeti wala katika barua yangu ya kuacha kazi. Wao ndio waliotoa kutoka katika sahani zao, na wao ndio wadai. Serikali ni mdaiwa mwenzangu, tena mkubwa kuliko mimi, lakini mdaiwa mkubwa akikataa kulipa, yule mdogo hasamehewi sehemu yake.

Mwaka juzi waliosoma shule ile walifungua kundi la WhatsApp. Wengi waliniamkia shikamoo Mwalimu, na mmoja, ambaye sasa ana duka la vifaa vya ujenzi, akapendekeza tuchange kila mwezi kumlipa mwalimu wa hisabati wa kujitolea. Nilisita. Hoja ya kusita ninayo na bado naiona ni nzuri: tukilipa sisi, mwenye wajibu atazoea kutolipa, na kila shule itategemea bahati ya kuwa na watu wake ng'ambo, jambo ambalo shule nyingi hazina. Kwa hiyo niliandika kwamba mchango uende pamoja na barua ya kila muhula kwa halmashauri, ikiuliza nafasi hiyo itajazwa lini. Mwenye duka akanijibu: "Sawa Mwalimu, barua andika wewe. Ila hela tuanze mwezi huu, kidato cha tatu wapo darasani sasa."

Tumeanza. Barua tatu zimekwenda, jibu halijaja. Mwalimu tuliyempata alihitimu 2018 na anaomba ajira kila nafasi zinapotangazwa. Akiipata itatubidi kumpongeza, na kuanza kutafuta mwingine kabla mada haijakatika.