Daftari la Mama na Deni la Simu

Katika maziko ya kwetu, kabla watu hawajatawanyika, husimama mtu wa ukoo akatangaza: kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze aonane na familia, na kama kuna anayedaiwa na marehemu, naye ajitokeze. Nimesikia tangazo hilo tangu utotoni, na nimeona wanaodai wakijitokeza. Wanaodaiwa sijawaona bado.

Siku tuliyomzika Mama, Bulwa, hakujitokeza mtu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mistari ya chai, na watu walikuwa na haraka ya kurudi majumbani kabla mvua haijaanza. Nilishusha pumzi. Nikajisemea, Mama ameondoka msafi.

Siku ya tatu baada ya hitima, mzee mwenye duka alikuja. Alikaa kwenye mkeka, akanywa chai, akaongea habari za barabara na bei ya iliki. Halafu akatoa daftari kwenye mfuko wa koti. Ni daftari ninalolijua: jalada gumu, kingo zimeliwa, kila familia na ukurasa wake. Akafungua ukurasa wa Mama. Sukari nusu. Sabuni. Mafuta ya kula kipimo kimoja. Chumvi. Sukari nusu tena. Jumla shilingi 46,500.

"Sikuja kudai, mwanangu," akasema. "Nimekuja ili mjue. Mimi nimeshamsamehe."

Nikafungua mdomo kushukuru. Kabla sijasema neno, mama mkubwa akaingilia: "Mama yenu hajawahi kusamehewa deni hata siku moja. Msimwanzishie leo."

Basi. Mkobani nilikuwa na shilingi 60,000, na humo ndimo ilimokuwa nauli yangu ya kurudi Muheza. Kesho yake, Ijumaa, nilitakiwa kulipa mkopo wa simu wa shilingi 50,000. Hesabu hiyo haihitaji kidato cha nne. Nililipa la Mama. La simu likachelewa siku tisa.

Tangu siku hiyo nina swali moja ambalo halijaniacha: nilifanya haki?

Nieleze kwanza huo mkopo wa simu ulitoka wapi, maana sikuukopa kwa shida. Nina steshenari ndogo Muheza mjini, na nilitaka mashine ya fotokopi. Nikaenda kuomba mkopo katika taasisi moja ya fedha. Dada wa dirishani alikuwa mpole. Akaingiza namba zangu, akasubiri, akaniambia: "Dada, huna historia."

Nilicheka. Mimi sina historia? Panda Bulwa umuulize yeyote, atakutajia babu yangu alikuja kufanya kazi gani kwenye chai, na bibi aliolewa na nani kabla yake. Lakini yeye alimaanisha kwamba sijawahi kukopa popote panapoandikwa. Benki Kuu ilitoa kanuni za taasisi za taarifa za wakopaji mwaka 2012, na tangu hapo mkopo wa benki huacha nyayo: ulikopa kiasi gani, ulirudisha lini, ulichelewa mara ngapi. Mimi niliyejivunia kutodaiwa na mtu nilikuwa, machoni pa mfumo huo, kama mtu ambaye hajazaliwa.

Akanipa ushauri kwa nia njema kabisa: kopa kidogo kidogo kwenye simu, lipa mapema, rudia. Nikaanza na 5,000 nisiyoihitaji. Nikairudisha kesho yake pamoja na riba yake. Nikakopa 10,000, nikarudisha. Kiwango kikapanda mpaka 50,000. Nilikuwa nanunua sifa ya uaminifu kwa bei ya riba, mwezi baada ya mwezi, na fedha yenyewe ilikaa tu.

Hapa ndipo falsafa ilipoanza kunisumbua. Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, ana mfano wa mwenye duka asiyempunja mteja, hata mtoto mdogo aliyetumwa. Je, ni mwadilifu? Kant anasita. Huenda hapunji kwa sababu akipunja wateja watahama. Tendo ni sahihi, lakini kilichomsukuma ni faida. Kwa kipimo hicho, mikopo yangu ya 5,000 ilikuwa nini? Nilitimiza ahadi ambazo niliziweka ili tu nionekane nikizitimiza.

Ila Aristotle angeniteteа kidogo. Yeye anasema tunakuwa waadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Mtu akilipa kwa wakati mara ishirini, hata kama mwanzoni ni kwa kujionyesha, ya ishirini na moja huenda akailipa kwa sababu ndivyo alivyo. Na ni kweli nilianza kuwa makini zaidi. Nilianza kuandika tarehe. Niliacha kusema "tutaonana mwisho wa mwezi" kana kwamba mwisho wa mwezi hauna tarehe.

Sasa, rahisi sana hapa kuandika kwamba daftari la kijijini lina utu na simu haina. Nimesoma makala nyingi za namna hiyo, na nusu ya moyo wangu inazipenda. Lakini nimekulia kwenye kaunta ya duka lile na nimeona mengine.

Nimeona wachumaji wa chai waliotoka mikoa ya mbali wakisimama pembeni mpaka wenyeji waishe kuhudumiwa, kisha wakiambiwa, "Leo fedha, kesho mkopo." Hawakuwa wezi. Hawakuwa na mtu wa kusema "huyu namjua." Nimeona mwanamke akinyimwa unga kwa sababu ya deni la pombe la mumewe, ambalo hata yeye alikuwa analilia. Na ukurasa wa familia maskini ulisomwa kwa sauti mbele za watu, hasa wiki ya mwisho kabla ya mshahara. Daftari lilijua kila kitu, na likijua kila kitu, huna pa kujificha. Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga, walizijua kaunta kama hizo.

Kwa hiyo huduma kama M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, na M-Pawa kwetu mwaka 2014, kuna watu walioonja kitu kipya: kukopa bila kuulizwa ukoo. Mchumaji yule aliyesimama pembeni aliweza kupata 10,000 usiku, kitandani, bila kumwangalia mtu usoni. Nani atasema huo si utu wa aina yake? Mashine haikumheshimu, lakini pia haikumdharau, na kuna siku kutodharauliwa kunatosha.

Tena kuandikwa na wengine si jambo la simu peke yake. Mashamba makubwa ya kikoloni yalikuwa na kipande: kadi ambayo kila siku ya kazi ilitiwa alama, na mpaka alama za siku zitimie ndipo mtu alipwe. Kenya, kuanzia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kipande kilikuwa kitambulisho ambacho mwanamume Mwafrika alipaswa kutembea nacho, chenye maelezo ya ajira yake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Fikiria: historia yako unaibeba wewe, anaiandika mwingine, na anayeisoma ni wa tatu. Alama ikikosewa, wewe ndiye unayetembea nayo. Nikiangalia ujumbe wa simu unaoniambia "kiwango chako kimeshuka", naona kile kikasha.

Turudi kwenye zile siku tisa.

Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri ya Plato, yumo mzee tajiri, Cephalus, anayekaribia kufa. Anasema faida kubwa ya mali ni kwamba mtu huondoka duniani bila kudaiwa na miungu wala na watu. Angeelewana sana na mama mkubwa wangu. Socrates anamuuliza: rafiki akikukabidhi silaha akiwa timamu, kisha akairudia akiwa amepagawa, utamrudishia? Cephalus anakubali kwamba hapana. Basi haki haiwezi kuwa ni kulipa unachodaiwa tu. Lazima ujue unamlipa nani, lini, na kitu hicho kitafanya nini mkononi mwake.

Daftari la mzee lilikuwa na uwezo huo wa kujua. Nakumbuka mwaka ambao Mama aliugua na hakuchuma kwa wiki nyingi. Ukurasa wake ulijaa, mzee akageuza ukurasa mwingine bila kusema kitu. Alijua sababu. Simu haijui sababu, na wala haikuumbwa ijue. Kwake, aliyechelewa kwa msiba na aliyechelewa kwa kamari ni mstari mmoja.

Lakini ngoja nijibane mwenyewe, maana hoja hii inanifaa mno. Fedha ya simu nayo ni ya mtu. Nyuma ya mkopo kuna akiba za watu, huenda za mchumaji mwingine wa chai. Nilimpa heshima marehemu kwa kumchelewesha mtu nisiyemwona. Kama ningechelewa kwa mzee na kulipa simu, mzee angeelewa, maana alikuwa ameshasamehe. Yaani nililipa deni lililofutwa nikaacha lililo hai. Kwa hesabu kavu, nilikosea.

Hata hivyo, nikirudishwa pale kwenye mkeka, ningefanya vilevile. Nimejaribu kujua kwa nini, na jibu langu ni hili. Deni la simu lilikuwa langu, na adhabu yake ilikuwa yangu: tozo, na historia iliyochafuka. Ningeweza kulibeba. La Mama lilikuwa la mtu asiyeweza tena kulipa, wala kueleza, wala kuomba muda. Sisi tuliolelewa katika Uislamu tumefundishwa kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandika deni, na kwamba Mtume alisita kumsalia maiti aliyekufa na deni mpaka mmoja wa waliokuwepo akalibeba. Anayebeba hapo ni mtu mwingine, kwa hiari yake. Taarifa za wakopaji hazina nafasi ya kitendo hicho. Zinajua nani alichelewa, hazijui nani alilipa lisilo lake.

Kuna wanaopita mipaka upande wa pili, na hao hawastahili kutetewa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilipitishwa mwaka 2018, na bado mikopo tunayoiita kausha damu imeendelea kuvunja nyumba za watu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo wamekuwa wakiwatumia ujumbe ndugu na marafiki wa mkopaji ili kumwaibisha. Ajabu ni kwamba wamechukua kile kibaya kabisa cha kaunta ya kijijini, kusomewa ukurasa mbele za watu, wakaacha kile kizuri, kugeuziwa ukurasa mwingine.

Amani iko jirani tu na Bulwa, juu ya mlima uleule. Nilipokuwa mdogo sikuwahi kujiuliza kwamba amani, amana, imani na kuaminiana ni maneno ya shina moja la Kiarabu. Sasa nalifikiria sana. Anayekukopesha anakuachia amana, na wewe unamwachia amani yako mpaka utakapolipa.

Siku ya kumi nililipa mkopo wa simu na tozo yake. Nilirudi kwa yule dada wa dirishani. Aliangalia, akaona zile siku tisa. Nikamweleza habari ya msiba. Alinipa pole, na najua ilikuwa pole ya kweli. Lakini hapakuwa na mahali pa kuiandika. Akaniambia nisubiri kwanza, nianze tena kidogo kidogo. Mashine ya fotokopi bado sina.

Arobaini ya Mama nilipanda tena Bulwa. Jioni nikashuka dukani kununua sukari ya chai ya wageni. Mzee akapima kilo mbili, akazifunga, akanitazama juu ya miwani yake.

"Nikuandikie?"

Pesa ilikuwa mkobani. Sikuwa na haja ya kukopa, kama vile sikuwa na haja ya ile 5,000 ya kwanza. Lakini nilisema, "Niandikie, Baba." Akageuza kurasa taratibu mpaka akafika kwa Mama. Juu ya jumla ile alikuwa amechora mistari miwili na kuandika: imelipwa. Chini yake palikuwa na nafasi. Akaandika jina langu hapo hapo, kwenye ukurasa uleule, na sukari kilo mbili.

Ile ya simu ukishaimaliza hamna tena cha kuwarudisha pamoja. Hii itanilazimu kupanda mlima. Nimemwambia mzee nitakuja mwisho wa mwezi, na safari hii nimemtajia tarehe.