Mtu Mzima na Gurudumu Moja

Kuna chombo ambacho wasomaji wetu wengi wamekiona katika michezo ya sarakasi au katika picha, wala si rahisi kukikuta barabarani: baiskeli ya gurudumu moja. Haina usukani, haina mnyororo, na aghalabu haina breki. Ni gurudumu, uma wa chuma, kiti juu yake, na pedeli mbili zilizofungwa katika ekseli yenyewe. Gurudumu likienda, pedeli zaenda. Miguu ikisimama, gurudumu lasimama, na mpandaji asiyekumbuka hayo hujikuta chini. Mtu aweza kuuliza: Je, yafaa baba wa miaka arobaini, mwenye mke na watoto na deni la mbolea, ajifunze kupanda kitu cha namna hiyo mbele ya macho ya jirani zake?

Swali laonekana la mzaha. Sisi twadhani si la mzaha hata kidogo, na ndiyo sababu tumelipa nafasi hii ambayo kwa desturi huwa ya mambo mengine.

Hapa katika Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, gurudumu ni kazi. Atokaye Vwawa kwenda Tunduma huyaona malori yakielekea mpakani, na kandokando yake hupita baiskeli zenye mizigo; watu wa Tunduma na wa Nakonde walizoea kuvushiana bidhaa kwa baiskeli tangu kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani kufunguliwa mwezi Oktoba 2019. Katika mji kama huo gurudumu lisilobeba hata debe moja la mahindi laonekana kuwa upuuzi. Lakini ni kwa kuwa halibebi kitu ndiyo maana twalichagua. Mtu mzima ajifunzaye baiskeli ya kawaida ana udhuru: shamba liko mbali, zahanati iko mbali zaidi. Wa gurudumu moja hana udhuru. Anaanguka mbele ya watu kwa sababu moja tu, kwamba hajui naye ataka kujua. Hapo swali labaki peke yake: Je, mtu mzima ana ruhusa ya kuonekana hajui?

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe, maana wasioijua huidhani ni kipaji cha wachache. Baiskeli ya magurudumu mawili huanguka kulia au kushoto, na mpandaji hujiokoa kwa kugeuza usukani upande ule inakoangukia. Ya gurudumu moja huanguka pande zote, mbele na nyuma pia. Anayeipanda haachi kuanguka. Huinamisha mwili mbele kidogo, huanza kuanguka kweli, kisha hulipeleka gurudumu chini yake kabla hajafika ardhini. Naye hufanya hivyo tena na tena mpaka mwisho wa safari. Uzito wake hana budi kuuweka kitini, si miguuni, na macho ayapeleke mbali. Sasa, mwanafunzi mwenye hofu hufanya kinyume cha hayo yote: hujivuta nyuma, husimama juu ya pedeli, hulitazama gurudumu. Akijivuta nyuma gurudumu humponyoka kwa mbele, naye hukaa kitako chini. Kwa wengi saa kumi za mazoezi hazitoshi, hata zikigawanywa katika siku nyingi. Viungo vya mtu wa miaka arobaini vyaiweza kazi hiyo. Mara nyingi kinachokataa ni uso.

Kiswahili kina neno kali kwa jambo hili. "Mtu mzima ovyo," husemwa, na aliyeambiwa hivyo huenda asirudi uwanjani mwaka mzima. Hatutaki kuidharau sababu iliyolileta neno hilo. Wazee wetu walitaka mtu mzima awe na haya, na walitaka vema. Baba alewaye sokoni mchana, mama atukanaye mbele ya watoto, hao wameharibu kitu kisicho chao peke yao, kwa kuwa utu uzima wa mmoja ni amana ya wote. Lakini tuangalie vizuri. Haya huuliza: Je, tendo langu litamwumiza nani, litamfundisha nani ubaya? Kiburi huuliza: Je, nitaonekanaje? Vyote viwili huwasha uso moto, na mwenyewe hawezi kuvipambanua kwa joto lake. Avipambanue kwa swali. Baba aangukaye katika uwanja wa mpira hakumwumiza mtu, wala mwanawe amtazamaye hakujifunza ubaya. Amejifunza kwamba baba naye huanza mwanzo. Kinachomzuia baba yule asijaribu si haya, ni kile kingine kilichoazima vazi lake.

Wengine watasema: Heshima ya mkubwa hutoka katika kujua kwake, akionekana hajui, atasikilizwa na nani? Hoja hii ina nguvu. Ni kweli kwamba twawasikiliza wakubwa kwa sababu ya waliyoyajua. Lakini mkulima wa kahawa wa Mbozi aliyeanguka Jumapili alasiri hajasahau Jumatatu jinsi ya kupogoa miche yake. Tena, aliyekubali kuonekana hajui jambo moja huaminiwa zaidi asemapo kwamba lile jingine alijua. Anayejua kila kitu ndiye tumwogopaye. Nasi wa kanisani tusiwanyoshee wengine kidole: mwishoni mwa karne ya 19 baadhi ya maaskofu wa Italia waliwakataza mapadre wao kupanda baiskeli, kwa kuwa ilionekana haipatani na heshima ya kanzu. Ni mapadre wangapi baadaye wamefika kwa wagonjwa vijijini wakiwa juu ya baiskeli!

Wako waliothubutu, nao si wa kubuni. Mwaka 1895 Leo Tolstoy, mwandishi mkuu wa Urusi, alijifunza baiskeli mjini Moscow akiwa na miaka 66, muda si mrefu baada ya kufiwa na mwanawe mdogo. Wako walioona kwamba jambo hilo halikumpasa mtu wa mafundisho yake, yeye akaendelea. Miaka miwili hivi kabla yake, Frances Willard, mwanamke wa Marekani aliyeongoza chama kikubwa cha wanawake cha kupinga ulevi, alianza akiwa na miaka 53, wakati ambapo mwanamke juu ya baiskeli alikuwa kioja. Alitumia kama miezi mitatu, robo saa kwa siku, kisha akaandika kitabu kidogo juu ya safari hiyo. Twawaomba wanaume wetu wamkumbuke wanapomwona mama mtu mzima akijaribu baiskeli ya mumewe nyuma ya nyumba, jioni, giza likiingia, ili asionekane. Kwa nini mama huyo angoje giza? Ndoo ya maji ya lita 20 huibeba kichwani mchana kweupe, na hakuna acheka.

Karibu nasi zaidi yuko Mzee Kimani Maruge wa Kenya. Mwezi Januari 2004, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi karibu na Eldoret, amevaa sare ya shule na suruali fupi kama watoto. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe. Alikufa mwaka 2009. Suruali ile fupi yatugusa kuliko mambo mengine yote ya habari yake, maana angeweza kuomba afundishwe faraghani.

Hapa kwetu Tanzania aibu hiyo iliwahi kugawanywa kati ya watu wengi, ikawa nyepesi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati ule kama theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma, nao wakaketi chini ya miti na katika madarasa ya watoto wao, kalamu ikitetemeka mikononi mwao. Katika miaka ile ile, tangu 1970 hadi 1975, reli ya TAZARA ilijengwa ikapita hapa Tunduma, na wanaume waliotoka kwenye jembe wakajifunza kwa Wachina kutandika mataruma na kuchoronga miamba. Sarakasi nayo ilikuja kwa njia hiyo: vijana wa Tanzania walipelekwa China kujifunza, na Kikundi cha Taifa cha Sarakasi kikaundwa mwaka 1969. Hatukumbuki hayo kwa kusifu zama zilizopita. Twataka kuonyesha tu kwamba pale wote wanapokuwa wanafunzi, hakuna amchekaye mwenzake kwa kutojua. Mzigo mzito ni wa yule ajifunzaye peke yake, katika mtaa ambao wengine wote wajifanya wamekwisha hitimu.

Basi kicheko ni dhambi? La hasha, si kila kicheko. Mtu mzima akianguka kutoka kwenye gurudumu moja ni jambo la kuchekesha, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kucheka. Kicheko tukikataacho ni kile kinachomfuata mtu nyumbani: jina la utani lililobandikwa siku ile, likarudiwa kilabuni na kisimani mpaka akakiuza chombo chake. Waliomcheka hawatalipa chochote. Yeye amelipa, na watoto wake pia, kwa kuwa nyumba ile haitamwona tena mtu mzima akianza jambo jipya.

Ruhusa hii tunayoitetea ina mpaka, nao hatutaupitisha kwa upole. Aangukaye aanguke kwa gharama yake mwenyewe. Sasa wako wanunuao pikipiki leo asubuhi, na jioni wamekwisha pakia abiria, pengine mama na mtoto mgongoni, katika barabara kuu ya Tunduma penye malori ya mizigo. Wasema wanajifunza kazi ikiendelea. Huko si kujifunza, ni kumkopa mtu mwingine uhai wake bila kumwambia. Sheria yadai leseni na kofia ngumu, na hata kama isingedai, haki ingedai. Ajabu ni kwamba kijana huyu mara nyingi amekwepa uwanja wa mazoezi kwa kuogopa kuonekana mwanafunzi. Kile kiburi kilichomzuia baba yetu asijifunze ndicho kilichomwingiza huyu barabarani kabla hajajifunza.

Limebaki jambo la msaidizi, nalo latusumbua kuliko yote yaliyotangulia. Kila aliyefundishwa baiskeli aujua mchezo ule: mwalimu hukimbia nyuma ameshika kiti, huku akisema, "Nimekushika, nimekushika, kanyaga!" kumbe amekwisha achia hatua ishirini nyuma. Mwanafunzi hugeuka, humwona mwalimu yuko mbali, naye huanguka papo hapo. Watu hucheka, na baiskeli imekwisha julikana. Je, ule ni uwongo? Mt. Augustino, aliyeandika vitabu viwili juu ya uwongo, asingeupitisha. Kwake kila uwongo ni dhambi. Mt. Tomaso wa Akwino akubaliana naye, ila ataja aina tatu, wa mzaha, wa kusaidia na wa kudhuru, na uzito wake si mmoja. Twadhani mwalimu wa baiskeli angewekwa katika aina ya pili, pamoja na watu wengi wema.

Kwa mtoto hatutamsumbua mtu juu ya hilo. Kwa mtu mzima twaona vingine. Yeye amekuja na hofu yake akiijua, ameyavumilia macho ya watu, amekubali kuanguka. Kumdanganya ili asiogope ni kumrudisha katika utoto ambao hakuuomba. Ndivyo tuwafanyiavyo wazazi wetu wakiugua: daktari ametuambia sisi, nasi twamwambia mzee kwamba ni homa tu, atapona keshokutwa, kana kwamba mtu aliyezika ndugu zake na kulea watoto saba hawezi kubeba habari ya mwili wake mwenyewe. Twaita huruma. Mwalimu na aseme, "Sasa naachia," na aliye juu ya kiti aamue kama ataendelea kukanyaga. Huenda ikachukua siku mbili zaidi.

Katika gurudumu moja mambo yamepangwa vingine. Msaidizi hamshiki mwanafunzi. Mwanafunzi ndiye amshikaye msaidizi begani, au hushika ukuta, au wavu wa uwanja. Msaidizi hutembea kando yake tu, wala hana cha kuachia, kwa hiyo hana pa kudanganyia. Hawezi hata kuchagua siku. Wakati fulani, katikati ya uwanja, ule mkono hupunguza uzito begani, kisha hubaki vidole viwili, kisha navyo huondoka. Na msaidizi huendelea hatua kadhaa kando yake bila kusema neno.