Hila katika Sharia

Sharia isiyotaja rangi ya mtu, je, yaweza kumdhulumu kwa rangi yake? Katiba ya Marekani ilikataza mwaka 1870 mtu kunyimwa kura kwa rangi au kwa kuwa alikuwa mtumwa. Majimbo ya kusini hayakuikana kwa ulimi. Louisiana, mwaka 1898, iliweka sharti la kusoma au la mali, kisha ikamsamehe yule ambaye baba yake au babu yake alikuwa na haki ya kura tarehe 1 Januari 1867. Na mweusi wa huko, hata aliyezaliwa huru, siku hiyo hakuwa na kura! Rangi haikutajwa, wala hapana aliyeitunga asiyejua amkusudia nani. Sharti la namna hiyo Mahakama Kuu ililibatilisha mwaka 1915. Mtihani wa kusoma ukabaki kusini hata ulipozuiwa kwa sharia ya 1965.