Deni la Komeo

Usiku ule kicheche alipoingia bandani, mlango nilikuwa nimeufunga mimi. Niliufunga, ila komeo sikulisukuma hadi mwisho. Nilikuwa na simu mkononi, namjibu msimamizi wangu kuhusu sura ya pili ya tasnifu. Sura yenyewe inahusu dhana ya wajibu.

Kulipokucha tulikuta vifaranga wanne wamekufa, na tetea mmoja mwekundu amesimama kwenye kona, macho nusu yamefumba. Ngozi ya mgongo ilikuwa imechanika kutoka shingoni hadi karibu na mkia. Hakutoa sauti yoyote. Kuku aliyeumia sana mara nyingi hunyamaza, na ni rahisi kudhani ametulia.

Huku kwa Bibi, Morogoro, kuku wa hali hiyo huishia chunguni kabla jua halijapanda. Jirani alisema vivyo hivyo: "Mchinjeni kabla hajawafia." Mimi, ambaye nimekula kuku tangu utotoni, nikasema tumtibu.

"Kwa nini, mjukuu wangu?" Bibi aliuliza. Hakuwa anakataa. Alitaka kujua.

Sikuwa na jibu, nikaenda kuchemsha maji. Yalipofika uvuguvugu nikatia chumvi, Bibi akamshika mbawa, nami nikakata manyoya yaliyogandamana na damu na kusafisha jeraha taratibu. Tukamweka ndani ya boksi lenye matambara, mahali pa giza na joto, kwa sababu kuku aliyepata mshtuko anaweza kufa hata kama jeraha lenyewe lisingemuua. Tulimtenga pia na wenzake. Kuku wakiona damu hudonoa, hata kama ni ya ndugu yao. Nzi niliwafukuza mchana kutwa, maana wakitaga kwenye kidonda, funza hufuata. Duka la dawa za mifugo nilinunua antibayotiki ya unga ya kuchanganya na maji ya kunywa.

Nikiwa nimekaa kando ya boksi lile, niliwajaribu wanafalsafa wangu mmoja mmoja. Kant aliona kwamba anayemtesa mnyama anaufanya moyo wake kuwa mgumu hata kwa binadamu. Kwa hiyo, kwake, wema kwa mnyama kimsingi ni wajibu wetu kwa binadamu. Bentham, katika kitabu cha mwaka 1789, aligeuza swali: muhimu ni kama mnyama anaweza kuumia, si kama ana akili. Bentham alinigusa zaidi, lakini naye hakunitosheleza. Kule juu milimani Uluguru kuna ndege wanaoraruliwa kila usiku, na maumivu yao ni maumivu. Hakuna anayepanda na boksi kuwafuata, wala sidhani kwamba tunakosea.

Tofauti ni komeo. Kuku akiachiwa hutafuta tawi la juu alale. Sisi tulimwondoa mtini, tukamweka kwenye chumba chenye mlango mmoja, na kwa kufanya hivyo tukamwambia kwamba usiku ni kazi yetu. Kicheche alipoingia, kuta tulizojenga kumlinda zilimzuia kukimbia. Deni langu halikutokana na huruma, wala na akili yake. Nilikuwa nimechukua uwezo wake wa kujiokoa, kisha nikashindwa kutimiza zamu yangu.

Nilipomweleza Bibi, alitikisa kichwa polepole. "Sawa. Na siku ya kisu je?"

Siku hiyo haikukawia. Wiki kadhaa baadaye mjomba alikuja kututembelea, na mgeni kama huyo hapewi mchicha. Bibi akamtazama tetea mwekundu. Mgongo ulikuwa umefunga kovu bila manyoya, na alikuwa hajarudi kutaga.

"Dawa bado imo mwilini," nikasema haraka.

Haikuwa kweli. Pakiti iliandika siku za kusubiri kabla ya kula nyama na mayai, na siku hizo zilikuwa zimekwisha. Bibi, ambaye alikuwa akihesabu tangu mwanzo, hakusema kitu. Alinipa kisu na kuninyooshea kidole jogoo mdogo mweusi.

Jogoo yule naye nilikuwa nimemfungia mlango kila jioni. Kama deni langu linatokana na komeo, basi nilidaiwa naye sawasawa na tetea. Alichokosa ni kovu la kunikumbusha. Nilimchinja vizuri, kwa kisu chenye makali, na nikala. Huenda kumfuga mnyama wa kula ni kuahidi jambo dogo tu: hatakufa kwa uzembe wangu. Nataka kuamini hivyo, ila naona jinsi jibu hilo linavyomfaa mwenye kisu.

Tetea bado yupo. Kila jioni nasukuma komeo hadi lilie, kisha narudi kulivuta tena kuhakikisha. Sura ya pili sijaimaliza.