Je, Ushindi Rahisi ni Ushindi?

Wazazi hutuletea mara kwa mara swali ambalo wazee wetu hawakuulizwa, nalo ni hili: kijana anayecheza michezo ya televisheni na ya kompyuta, naye kwa makusudi akachagua ile iliyo rahisi kupita yote ili ajikusanyie vikombe vingi, je, anafanya kosa? Wako wanaosema kwamba huo ni upuuzi wa vijana, haufai kujadiliwa na watu wazima. Sisi twaona kwamba swali hili ni kubwa kuliko mchezo wenyewe, kwa sababu linatuuliza alama ya heshima ni kitu gani, na yampasa nani kuivaa. Basi na tulitazame polepole.

Kwanza tueleze mambo yalivyo, kwa ajili ya wale wasioijua michezo hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Activision ya Marekani iliwaambia wachezaji wake kwamba mtu akifikia idadi fulani ya pointi, apige picha ya kioo cha televisheni yake na kuipeleka kwa posta, naye atatumiwa kibandiko cha kitambaa cha kushona kwenye nguo. Katika mchezo uitwao Pitfall!, uliotolewa mwaka 1982, ilimpasa kupata pointi 20,000. Mwaka 2005 kampuni ya Microsoft ilitoa mashine ya Xbox 360, ambayo haihitaji picha wala posta, kwa kuwa huhesabu yenyewe. Mchezo mkubwa ulipewa pointi 1,000, zikagawanywa katika kazi mbalimbali, na jumla ya pointi za mchezaji huonekana pamoja na jina lake ili wenzake waione. Mwaka 2008 kampuni ya Sony ikaleta vikombe katika PlayStation 3: vya shaba, vya fedha, vya dhahabu, na kile cha platinamu, ambacho hupewa yule aliyekwisha kuvipata vingine vyote vya mchezo ule.

Tangu hapo wametokea wachezaji ambao shabaha yao ni kukamilisha kila kitu, wasibakize hata kazi moja. Wengine kati yao hustahimili taabu ya miezi mingi kwa ajili ya kikombe kimoja. Walakini wapo waliogundua njia ya mkato. Mwaka 2007 ulitoka mchezo mmoja wa Xbox 360 uitwao Avatar: The Last Airbender – The Burning Earth, ambao mtu aliweza kuzipata pointi zake zote 1,000 kwa dakika chache, kwa kupiga mapigo 50 mfululizo mwanzoni kabisa mwa mchezo. Mwaka 2016 ukatoka mwingine, My Name is Mayo, ambao kazi yake ni kugonga picha ya chupa ya mayonezi mara 10,000. Ukiisha kugonga, umepata. Hatimaye jambo hili likawa biashara. Watu walitengeneza michezo isiyo na mchezo ndani yake, ila alama tupu, mingine ikitoa alama kwa maelfu. Ilifika hadi mwaka 2018 kampuni ya Valve, yenye duka la michezo la Steam, ikaweka mpaka: mchezo ambao haujaaminika usitoe alama zaidi ya 100, na alama zake zisihesabiwe katika jumla ya mchezaji.

Haya ndiyo mambo yenyewe. Sasa tusikilize kwanza wanaoyatetea, maana si haki kumhukumu mtu kabla hajasema.

Wao husema kwamba mchezo ni mchezo. Kijana ameununua kwa fedha yake, hakumwibia mtu, hakumpiga mtu. Tena husema kwamba mtu aliyechoka hupenda kupata kitu cha kumaliza. Neno hili la pili lina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Kazi nyingi za maisha yetu hazina mwisho. Mwanamke wa Paje au Jambiani alimaye mwani hufuata maji ya bamvua, hufunga miche kwenye kamba, husubiri wiki kama sita, huvuna. Na akiisha kuvuna huanza kufunga tena. Mvuvi arudiye pwani hukuta nyavu zataka kushonwa. Vyombo vilivyooshwa usiku huwa vichafu asubuhi. Hakuna kengele iliayo kumwambia mtu, "Umemaliza, umefanya vema." Kwa hiyo si ajabu moyo ukifurahi upatapo kitu kidogo chenye mwanzo na mwisho. Asukaye mkeka hufurahi afikapo pindo la mwisho, na furaha ile si dhambi. Kijana akigonga chupa ya mayonezi nusu saa ili atulize kichwa, kisha akaenda kulala, sisi hatuna neno naye.

Lakini hakugonga kwa ajili ya kutulia tu. Aligonga ili apate kikombe, na kikombe ni alama. Na alama kazi yake ni kushuhudia. Hapa ndipo penye swali lenyewe.

Tutoe mfano ambao wazee wetu wataufahamu. Zanzibar ilikuwa na stempu zake yenyewe tangu mwaka 1895, na baada ya Mapinduzi stempu zilizokuwa na picha ya Sultani zilipigwa chapa ya maneno "Jamhuri 1964". Watu wa nchi za mbali walizitafuta kwa bidii wakazibandika katika vitabu vyao, na aliyekosa moja hakuwa na raha mpaka ameipata. Hao nao walikuwa wakamilishaji. Stempu yenye muhuri wa posta ilikuwa shahidi: ilisema kwamba palikuwa na barua, na mtu wa Unguja aliyeiandika, na bahari iliyovukwa. Sasa, katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, baadhi ya nchi ndogo za Ghuba, kama Ajman na Fujairah, zilitoa stempu nyingi mno kupita mahitaji ya barua zao. Stempu hizo zilichapishwa kwa ajili ya wakusanyaji tu, na nyingi ziligongwa muhuri wa posta pasipo kubandikwa kwenye barua yo yote. Zilikuwa nzuri kwa rangi, tena zilijaza kitabu upesi. Lakini muhuri wake ulishuhudia safari ambayo haikuwako, na wakusanyaji wengi wakazidharau.

Kikombe rahisi ni kama stempu ile. Kina rangi ya platinamu kama vingine, nacho hukaa katika safu moja na vingine, ila hakuna barua iliyosafiri.

Huenda msomaji akauliza: kama wachezaji wote wajua kwamba mchezo ule ni rahisi, nani amedanganywa? Ni kweli, miongoni mwao wajuao hakuna aliyedanganywa. Huonyeshana na kucheka. Hata mashine ya Sony ya siku hizi huonyesha, kwa kila kikombe, ni wachezaji wangapi katika mia waliokipata. Lakini jumla haina macho. Mia ni mia. Yule aliyestahimili miezi mitatu na yule aliyegonga chupa huandikiwa kila mmoja kikombe kimoja cha platinamu, na mtu apitaye akitazama hesabu haoni tofauti. Kwa hiyo anayeumia si aliyechukua njia ya mkato. Anayeumia ni mwenzake aliyefanya kazi, ambaye ushahidi wake umepunguzwa thamani pasipo yeye kutenda kosa.

Mtume Paulo, alipowaandikia watu wa Korintho, aliwakumbusha juu ya wakimbiaji waliojinyima mengi kwa ajili ya taji linaloharibika. Taji la michezo iliyofanyika karibu na mji ule lilikuwa la majani tu. Lingepelekwa sokoni lisingenunua hata samaki mmoja. Thamani yake yote ilikuwa katika mbio zile. Ondoa mbio, kilichobaki ni majani, na majani hupatikana porini bila kukimbia. Wala hatusomi kwamba mtu alikwenda kuyachuma porini akajivika kichwani na kujiita mshindi. Angefanya hivyo, watoto wangemcheka.

Tena tutazame michezo yetu wenyewe. Pale Jaws Corner katika Mji Mkongwe watu hunywa kahawa na kucheza bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mchezo ukiisha, kete hupangwa upya, na juu ya ule ubao haibaki alama yo yote ya aliyeshinda. Hakuna kikombe wala pointi. Hata hivyo kila mtu pale barazani ajua nani ni fundi na nani anajifunza, kwa sababu walikuwapo wakaona. Sifa ya fundi imehifadhiwa katika vinywa vya wale aliowafunga. Hawezi kuichukua njia ya mkato, maana akichagua kucheza na wanagenzi peke yao, jambo hilo nalo litajulikana kabla kahawa haijapoa.

Na katika mabanda ya gemu, ambamo vijana hulipa kwa mechi moja moja ya mpira, mambo ni karibu yale yale. Kikombe chochote kitokeacho katika mashine huandikwa kwa jina lililowekwa ndani yake, na mara nyingi jina hilo ni la mwenye banda, si la kijana aliyecheza. Kijana hutoka mikono mitupu. Lakini wenzake waliosimama nyuma yake wameona lile bao la dakika ya mwisho, nao watalisimulia. Kwa maoni yetu huyo ana kitu zaidi ya yule mwenye vikombe mia aliovipata peke yake chumbani, ambavyo hakuna awezaye kuvisimulia, hata yeye mwenyewe.

Basi kosa laanzia wapi? Twaona mahali pawili. La kwanza ni pale hesabu inapomtawala mtu. Kijana aliyeupenda mchezo fulani akauacha kwa sababu hauongezi vikombe upesi, akachagua mwingine asioupenda kwa sababu unaongeza, huyo hachezi tena. Amekuwa mtumishi wa orodha, na orodha haina mshahara wala siku ya mapumziko. La pili ni pale anapoituma alama iende kwa watu ikaseme neno ambalo yeye mwenyewe asingethubutu kulisema kwa kinywa chake.

Hili la pili ndilo linalotutia hofu, kwa kuwa halikai ndani ya mchezo. Mazoea husafiri. Abiria apandaye boti kwenda Pemba hamjaribu nahodha kwanza. Huamini kwamba cheti chake kina mafunzo nyuma yake. Mgonjwa alalaye kitandani hamhoji mwuguzi. Sisi sote twaishi kwa kuamini alama za watu tusiowajua, na kila alama isiyo na kazi nyuma yake huila imani hiyo kidogo kidogo. Kijana aliyejifunza kwa miaka kumi kwamba kupata alama ndiyo mwisho wa jambo, na kwamba njia iliyo fupi ndiyo njia ya werevu, atakuja siku moja kusimama mbele ya mtihani, au mbele ya mtu auzaye vyeti. Hatusemi kwamba mchezo wa chupa utamfanya mdanganyifu. Twasema kwamba siku ile atahitaji kuwa amekwisha kuionja tofauti.

Wala tusidhani kwamba dawa yake ni ukamilifu. Wageni waingiapo katika Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873 mahali palipokuwa na soko la watumwa, huonyeshwa nguzo ambazo, kama isimuliwavyo, mafundi walizisimamisha juu chini Askofu Steere alipokuwa hayupo. Mkamilishaji angesema kwamba kazi ile haikufikia mia kwa mia. Lakini nguzo zimebeba. Kazi yenye kosa iliyofanyika kweli ni bora kuliko alama isiyo na kosa ya kazi isiyofanyika.

Kwa hiyo, ninyi wazazi, shauri letu ni dogo. Msimnyang'anye kijana simu yake kwa hasira, wala msimdhihaki. Kaeni karibu naye mkamwulize juu ya kikombe kimoja: "Hiki ulikipataje?" Akianza kueleza jinsi alivyoshindwa mara ishirini, na jinsi alivyogundua kosa lake, na jinsi mikono ilivyomtetemeka mara ile ya mwisho, msikilizeni mpaka mwisho, hata kama hamfahamu nusu yake, na mpongezeni, maana amefanya kazi. Akisema tu, "Niligonga," hamna haja ya kumhubiria. Mwulizeni kipi kingine alichopata kigumu zaidi, mkangoje jibu lake.