Fardhi ya Kijana na Fardhi Yetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo: ndugu zangu Waislamu, wazee wetu, mama zetu mlioko upande wa pili wa pazia, nanyi vijana, naiusia nafsi yangu na nakuusieni nyote kumcha Mungu katika tunachokula na katika tunachodaiana.

Kijana wetu amemaliza kidato cha sita. Fizikia, Kemia na Baiolojia zimekaa vizuri, na anataka udaktari. Mbele yake kuna miaka mitano ya chuo, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Baba yake ana ekari chache za mahindi na mbaazi, ng'ombe wa kuhesabika, na hofu ya Mungu. Akija kuuliza, "Sheikh, tukope?" tunamjibu hapohapo kwamba riba ni haramu. Jibu hilo ni la haki. Tukishalitoa, tunavaa viatu tunakwenda zetu, na kijana anabaki na barua yake ya udahili mkononi. Leo nataka tuseme sehemu ya jibu ambayo huwa tunaibakiza.

Kwanza hukumu yenyewe isilegezwe. Katika Surat al-Baqara, kuanzia aya ya 275, Mwenyezi Mungu ametenganisha biashara na riba, moja akaihalalisha na nyingine akaiharamisha, na katika aya ya 279 akawatangazia vita wasioiacha. Jabir bin Abdillah, Mungu amridhie, amesimulia katika Sahihi Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwalaani mla riba, anayeilipa, anayeiandika na mashahidi wake wawili, wote akawaweka daraja moja. Basi asijifariji mtu kwamba dhambi ni ya mkopeshaji peke yake.

Wengi wetu tukisikia riba tunafikiria benki. Riba ya huku kwetu mara nyingi haina hata ofisi. Imo katika gunia moja la mahindi linalokopeshwa mwezi wa pili na kudaiwa mawili wakati wa mavuno. Imo katika kikundi ambacho mwanachama huchukua laki moja na kurudisha laki na elfu kumi, tukaiita faida ya kikundi. Imo katika mikopo ya simu, na imo katika ile inayoitwa kausha damu, ambayo mzazi huweka rehani kadi ya pikipiki au karatasi za kiwanja ili mtoto aende chuo. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mzazi anayemkataza mwanawe kuomba mkopo wa serikali kwa kuogopa riba, kisha akalipa ada kwa kausha damu, amekwepa jambo la kuulizwa akaangukia haramu isiyo na swali.

Tuuangalie basi huo mkopo wa serikali kwa uadilifu. Sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilitungwa mwaka 2004, na Bodi ikaanza kazi Julai 2005. Kwa miaka kadhaa deni la mnufaika lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka, kwa jina la kulinda thamani ya mkopo. Hoja ilikuwa kwamba shilingi ya leo si shilingi ya kesho. Wanazuoni walikwishaijadili hoja hiyo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait, Desemba 1988, liliamua kwamba deni la fedha hulipwa kwa kiasi kilekile kilichochukuliwa, wala halifungwi kwenye kupanda kwa bei za vitu. Kwa mizani hiyo, asilimia 6 ilikuwa nyongeza iliyoshartishwa juu ya deni, na vijana waliosita kuichukua walisita kwa haki.

Kisha mambo yakabadilika. Siku ya Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo hiyo. Kwa hiyo anayekopa sasa asipime mkopo wake kwa simulizi za kaka yake aliyemaliza chuo zamani. Asome mkataba wa mwaka wake, mstari kwa mstari, na ajiulize: je, kuna nyongeza inayokua kadiri muda unavyokwenda? Je, kuna adhabu ya kuchelewa inayomnufaisha mkopeshaji? Na kama kuna ada ya uendeshaji, inalingana na gharama ya kazi yenyewe? Hili la mwisho nalo lina jibu: Baraza hilohilo, katika kikao cha Amman cha Oktoba 1986, liliruhusu mkopeshaji kudai gharama halisi za kuhudumia mkopo, na kinachozidi hapo likakihesabu riba. Apeleke majibu yake kwa mwanachuoni anayeijua fiqhi ya mali. Akiridhika, akope kwa nia ya kulipa. Akibaki na shaka moyoni, asilazimishwe na wala asichekwe. Na waliokopa enzi za asilimia 6 tusiwafanye mazungumzo ya barazani. Wengi wao walitafuta ushauri kwetu wakakosa.

Nasikia pia neno dharura likitamkwa kwa wepesi: kijana hana njia nyingine, basi achukue riba, Mungu ni Mwenye kusamehe. Ni kweli dharura ipo katika sheria. Lakini haithibiti mpaka milango ya halali imegongwa yote ikafungwa. Sasa niwaulize, wazee wangu: huyo kijana ameshawahi kuugonga mlango wa msikiti huu? Na angeugonga, angefunguliwa na nani, kwa fungu lipi?

Hapa ndipo penye jambo langu la leo. Kujiepusha na riba ni fardhi ya huyo kijana mwenyewe. Kupatikana kwa daktari ni fardhi kifaya, na hiyo ni yetu sote. Imam Ghazali, katika Ihya Ulumiddin, aliuhesabu utabibu miongoni mwa fardhi za kutosheleza, akalalamika kwamba miji ya zama zake ilijaa wanafunzi wa mabishano ya fiqhi ilhali haina tabibu Mwislamu. Imam Shafii, ambaye wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata madhehebu yake, imepokewa kwamba aliuweka utabibu juu ya elimu nyingine baada ya elimu ya halali na haramu. Fardhi kifaya ikiachwa na wote, dhambi humfikia kila aliyekuwa na uwezo wa kuchangia. Tukimkumbusha kijana fardhi yake kila Ijumaa na tukainyamazia yetu, tumehubiri nusu ya dini, tena ile nusu isiyotugharimu kitu.

Tazameni jirani zetu. Ukishika barabara ya kutoka hapa Mogitu kwenda Haydom, unafika kwenye hospitali iliyoanzishwa na Walutheri wa Norway mwaka 1955. Upande wa Babati kuna hospitali ya Dareda ya Wakatoliki. Wake zetu wamejifungulia huko na wazee wetu wametibiwa huko. Nyuma ya majengo yale kuna waumini waliotoa sadaka makanisani mwao, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya wagonjwa wasiowajua hata majina. Na tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha, tulijua sote thamani ya kila mkono wenye ujuzi wa kutibu. Sisi si wengi huku, lakini uchache haujawahi kuwa udhuru wa kutotoa.

Tutoe nini? Tuanze na zaka, kwa sababu hiyo si hiari. Mali yetu iko shambani na zizini. Mahindi, ngano, mtama au maharage, kila zao likifika wasaki tano, yaani takriban kilo 650, hutolewa sehemu moja katika kumi kwa kilimo cha mvua, na nusu ya hiyo kwa kilimo cha kumwagilia kwa gharama. Ng'ombe 30 wa malishoni wakitimiza mwaka, hutolewa ndama wa mwaka mmoja. Wakifika 40, mtamba wa miaka miwili. Mbuzi au kondoo 40, hutolewa mmoja. Kila mmoja ahesabu magunia yake ya mavuno yaliyopita, kisha aiulize nafsi yake. Aya ya 60 ya Surat at-Tawba imewataja wanaostahiki, na mafukara ndio wa kwanza. Mwanafunzi asiye na kitu anaingia humo kwa ufukara wake. Ila mjue: zaka hupewa mtu ikawa mali yake. Hakopeshwi, hadaiwi, wala hasimangwi.

Pembeni ya zaka, uwepo mfuko wa karadha hasana, mkopo mwema, unaotokana na sadaka na michango ya hiari. Fedha zake zisichanganywe na za zaka. Kijana hukopeshwa, akianza kazi hurudisha alichochukua, kisha hupewa wa nyuma yake. Liandikwe katika daftari na mashahidi wawepo, kama aya ya 282 ya al-Baqara inavyotuelekeza. Kuaminiana kwetu kusitufanye tuone haya kuandikiana. Akipatwa na dhiki, aya ya 280 imeamrisha asubiriwe mpaka apate wasaa. Na akirudisha zaidi kwa ridhaa yake, bila sharti wala dokezo la kamati, hilo ni jema: Abu Rafi amesimulia kwamba Mtume alikopa ngamia mdogo, akaamuru arudishwe aliye bora zaidi.

Kisha kuna wakfu. Umar bin Khattab alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume kutaka shauri, akaelekezwa aizuie asili yake na atoe mazao yake sadaka. Ardhi ile haikuuzwa, haikurithiwa, haikutolewa zawadi. Mzee mwenye ekari kumi akiweka ekari mbili wakfu kwa ada za wanafunzi wa tiba, atakuwa amesomesha madaktari hata baada ya kuzikwa. Afanye angali hai na mzima, mbele ya wanawe na serikali ya kijiji, kwa maandishi. Akiliacha liwe wasia, basi lisizidi theluthi ya mali yake, ili warithi wasidhulumiwe.

Na kwa mzazi anayetaka kujitegemea, sheria imemfungulia mlango wa salam. Muhula wa pili huja wakati mahindi bado machanga, na hapo ndipo wengi huangukia kausha damu. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya msimu, akawaruhusu kwa sharti kwamba kipimo kijulikane na muda ujulikane. Basi mzazi anaweza kumuuzia mfanyabiashara magunia kumi ya mahindi ya sifa iliyotajwa, yatakayokabidhiwa tarehe iliyotajwa, akapokea bei yote papo hapo. Isiwe mahindi ya shamba fulani tu, maana shamba hilo likikosa mvua mnunuzi atakuwa amelipia ahadi tupu. Nanyi wafanyabiashara, msiitumie dhiki ya mzazi mkashusha bei mpaka salam ikawa riba iliyovaa kanzu.

Sasa nanyi vijana. Kumcha Mungu hakukuondoleeni kazi ya kutafuta. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 upo ufadhili wa Samia Scholarship kwa waliofaulu zaidi katika masomo ya sayansi. Mwenye alama hizo aombe mapema. Vyuo vya umma, kama Muhimbili na Dodoma, ada zao ziko chini kuliko za vyuo binafsi, anzeni huko. Udaktari ukishindikana leo, ipo stashahada ya utabibu ya miaka mitatu. Mtu huisoma, akafanya kazi, akaweka akiba ya halali, kisha akajiendeleza hadi shahada. Kuchelewa kwa njia safi si hasara.

Na anayekopa, popote alipokopa kwa halali, alipe. Wapo waliomaliza chuo wakabadilisha namba za simu na kuukimbia mkopo wa Bodi, huku wakijiita wachamungu. Mkopo ule ni haki ya watu, na mdogo wako anasubiri fedha zilezile. Mtume amefundisha kwamba shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Dawa ya deni kulipa.

Ndugu zangu, aliletwa mbele ya Mtume maiti mwenye deni la dinari chache, na hakuacha kitu cha kulilipa. Mtume akawaambia masahaba wamswalie mwenzao, yeye mwenyewe akajizuia. Abu Qatada akasimama akalibeba deni lile, ndipo Mtume akaswali. Yule maiti alimpata mtu wa kusimama kwa ajili yake baada ya kufa. Kijana wetu yu hai, na anamhitaji mtu huyo kabla chuo hakijafunguliwa. Baada ya swala, wenye mavuno na mifugo tubaki tukokotoe zaka zetu, na tuchague watu watatu waaminifu wa kushika daftari la mfuko, mmoja wao awe miongoni mwa akina mama. Hesabu zisomwe hadharani kila baada ya mavuno.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako. Wape vijana wetu elimu yenye manufaa, na wape wazazi wao riziki isiyo na doa. Waponye wagonjwa wetu na wa jirani zetu, warehemu waliotutangulia, na uwape wepesi wenye madeni. Tujaalie tuwe wenye kulitenda tulilolisikia. Amin.